Posho ya Panda: Likasi na Kumbukumbu za Siku za Kampuni

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani katika mji wa Jadotville, kusini mwa Kongo ya Wabelgiji. Kijana huyo, Mwenda Jean Bosco, alikuwa mzaliwa wa Bunkeya, na umri wake ulikuwa miaka 22 hivi. Santuri zake zilivuka mipaka zikapendwa hadi Nairobi, ambako mwenyewe alikwenda kuishi kwa muda baadaye. Jadotville ndiyo Likasi ya leo. Kwa wazee wengi wa huko, miaka ile ya gitaa la Mwenda ndiyo miaka ambayo dunia ilikuwa imekaa sawa: baba anakwenda kiwandani, mtoto anakwenda shule, mgonjwa anapokewa hospitalini, na unga wa bukari, yaani ugali, haukosekani nyumbani.

Msikilize mhafidhina wa Marekani anapoeleza nchi yake ilipotea lini, naye atakurudisha kwenye miaka hiyohiyo ya 1950. Atakutajia kiwanda cha chuma kilichoajiri mtaa mzima, nyumba iliyolipiwa kwa mshahara wa mtu mmoja, kanisa lililojaa Jumapili, na jirani asiyefunga mlango. Ronald Reagan aliigusa hamu hiyo katika kampeni ya 1980 alipoahidi kuirudishia Marekani ukuu wake, na Donald Trump akaiokota ahadi ileile mwaka 2016. Wasomi wengi huidharau hamu hii, ya Likasi na ya Ohio pia, wakiiona kama maradhi ya wazee. Mimi siidharau. Naamini ndani yake mna dai la haki, na historia ya Likasi inalionyesha dai hilo waziwazi kuliko hotuba za Washington.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ikasonga hadi Kambove mwaka 1913. Likasi ikachipuka kando ya njia hiyo, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Ilipewa jina la Jean Jadot, Mbelgiji mwenye fedha aliyekuwa miongoni mwa vigogo wa kampuni. Panda, mtaa wa Likasi, palijengwa mitambo ya kuchambua na kuyeyusha mawe ya shaba; katika mtaa wa Shituru, mnamo 1929, kikaanza kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme, na umeme wenyewe ukatoka kwenye maporomoko ya Mwadingusha katika mto Lufira.

Mwanzoni wafanyakazi waliletwa kwa mikataba ya miezi michache, wengi wakitoka Rhodesia ya Kaskazini. Walilala katika kambi mbaya, na wengi walikufa kwa maradhi kabla ya kurudi kwao. Kampuni ilihesabu hasara: mtu akishaijua kazi anaondoka, anakuja mwingine asiyejua lolote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza mwendo. Mikataba ikawa ya miaka mitatu, mwanamume akahimizwa kuja na mke wake, na watu wakachukuliwa kutoka Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Aliyesimamia mpango huo kwa miaka mingi alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Alimwona mfanyakazi Mwafrika kama mtoto wa kulelewa na kuchungwa, na aliyaandika hayo bila kuona haya.

Malezi yenyewe yaliingia hadi jikoni. Kila juma familia ilipewa posho kulingana na idadi ya walaji: unga, samaki au nyama, mafuta, chumvi. Nyumba za kambini zilikuwa za matofali. Mama mjamzito alifuatiliwa kliniki, mtoto mchanga alipimwa uzito, wasichana na wake za wafanyakazi walifundishwa kushona na kupika katika vituo vya kijamii. Shule ziliendeshwa na wamisionari wa Kanisa Katoliki, ambalo hapa Katanga liliongozwa na Askofu Jean-Félix de Hemptinne, mtu aliyekuwa karibu sana na wakuu wa kampuni. Mkuu wa kambi alijua nani amegombana na mkewe, nani ana mgeni asiyeandikishwa, mtoto wa nani hakwenda shule. Posho ilikuwa pia fimbo, maana aliyevunja taratibu aliweza kupunguziwa.

Kutokana na maisha hayo ulizaliwa msemo ambao wazee wa Katanga wanaurudia hadi leo, kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikusanya masimulizi ya familia za wafanyakazi kwa miaka mingi. Kitabu chake cha 2001 kinawaita wana wa Shaba, jina la Katanga enzi za Mobutu, watoto walioachwa na baba yao. Picha hiyo ya baba nimeikuta kila mara watu wa Panda na wa Kikula, mtaa mwingine wa Likasi, wanapozungumza, hata vijana ambao hawakuiona posho kwa macho yao.

Lakini baba huyu aliwahi kuwapiga watoto wake risasi, na jambo hilo hutajwa kwa nadra. Desemba 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Panda na Shituru waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Wanajeshi walifyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye yakatokea makubwa zaidi Élisabethville, ambako karani Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Mishahara ikaongezwa baadaye, na hata mshahara wenyewe wa miaka ya 1950 unaosifiwa leo una deni kwa waliolala chini siku zile.

Marekani nayo ina pengo kama hilo katika kumbukumbu zake. Katika miji ya makaa ya mawe ya West Virginia kampuni ilimiliki nyumba, duka na hata fedha za kununulia dukani. Mwaka 1921 wachimbaji wapatao 10,000 walishika silaha kwenye mlima Blair wakidai haki ya kuwa na chama, na serikali ikaleta jeshi. Leo wajukuu wa wachimbaji hao wanapoyakumbuka makaa kwa machozi, wengi hukumbuka mshahara wa miaka ya baadaye na kuusahau ule mlima.

Kuna jambo jingine linalozifunga kumbukumbu hizi mbili, nalo liko kilomita 20 hivi kutoka Likasi. Shinkolobwe, madini ya urani yaligunduliwa mwaka 1915. Mwanzoni yalichimbwa kwa ajili ya radiamu iliyokuwa ghali mno Ulaya. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alituma zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo Staten Island, New York, yakahifadhiwa ghalani. Wanajeshi wa Marekani walipoanza kutafuta urani ya kutengenezea bomu, iliyo bora kuliko zote ilikuwa tayari mlangoni mwao. Wakaja pia kusaidia kuufungua upya mgodi uliokuwa umesimama. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliozaa bomu la Hiroshima la 6 Agosti 1945 ilitoka katika ardhi hii, ikabebwa kwa mikono ya wanaume wa Katanga ambao hawakuambiwa wanabeba nini. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Wachimbaji hawakupewa kitu.

Kwa hiyo Mmarekani anapoisifu miaka ya 1950, nchi yake ilipokuwa na nguvu kuliko zote na raia wake akilala kwa amani, anausifu wakati ambao Likasi iliugharamia.

Miaka michache baadaye Wamarekani wa mrengo wa kulia waliigeukia Katanga kwa mapenzi ya ghafla. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alikuwa ametangaza kujitenga kwa jimbo hilo tarehe 11 Julai 1960, na Union Minière ikamlipa yeye kodi badala ya serikali kuu ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mwaka 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipigana na majeshi yake. Ni hapo Jadotville, Septemba 1961, ambapo kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa wapatao 150 chini ya Pat Quinlan kilizingirwa kwa siku tano hadi kikaishiwa risasi na maji. Kule Marekani ikaundwa kamati ya kuwasaidia wapiganaji wa Katanga, ikiongozwa na Max Yergan. Mwandishi William F. Buckley na Seneta Barry Goldwater walikuwa upande huo. Machoni pao Katanga ilikuwa nchi ndogo ya Kikristo, yenye utaratibu, inayoonewa na wakomunisti na watumishi wa Umoja wa Mataifa. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga Kikula. Waliipenda Katanga ya kufikirika, nayo ilifanana sana na Marekani waliyoogopa kuipoteza. Januari 1963 Katanga ilirudishwa ndani ya Kongo.

Rais Mobutu aliitaifisha kampuni mwanzoni mwa 1967, na miaka michache baadaye ikajulikana kwa jina ambalo Likasi inalitamka hadi leo, Gécamines. Jadotville ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina mwaka 1966. Watu huchanganya siku za Wabelgiji na siku za Gécamines katika simulizi moja, nami naona hawakosei sana. Posho iliendelea, shule na hospitali ziliendelea, timu za mpira zilifadhiliwa, na sasa mtoto wa mfanyakazi aliweza kuwa mhandisi, jambo ambalo Mottoulle asingelikubali. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 na ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka.

Ubovu, hata hivyo, ulikuwa umeanza ndani. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1975. Mwaka huohuo vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela iliyopeleka shaba baharini. Fedha za mauzo zilipelekwa Kinshasa, na kidogo sana kilirudi kununua vipuri. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ukaporomoka. Ndani ya miaka michache uzalishaji ukashuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikaanza kuchelewa wiki, kisha miezi.

Hapo ndipo Likasi ilipofanya jambo linalonitia uchungu kila ninapolisoma. Badala ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, watu waliambiwa ni nani amewanyang'anya. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, alichaguliwa kuwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Kitaifa, na wanasiasa wa Katanga chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza wakawachochea vijana dhidi ya Wakasai. Hawa walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioletwa na kampuni yenyewe. Walizaliwa Panda, walisoma Shituru, walizungumza Kiswahili cha hapa. Maelfu walitolewa majumbani, wakapiga kambi kwenye stesheni ya reli ya Likasi wakisubiri treni ambayo wengine waliingoja kwa miezi. Watoto na wazee walikufa pale kwa njaa na maradhi. Nyumba zao na kazi zao zilichukuliwa, lakini shaba haikuongezeka hata kilo moja.

Hamu ya zamani haina hatia mpaka ipatiwe mtu wa kulaumiwa. Youngstown, Ohio, tarehe 19 Septemba 1977, kampuni ya chuma ilitangaza kufunga kiwanda chake kikubwa na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Uamuzi ulifanywa katika kikao cha wakurugenzi waliokaa mbali. Miaka 40 baadaye wapiga kura wa bonde hilo walikuwa wakiambiwa kwamba adui ni mhamiaji anayevuka mpaka wa kusini, mtu ambaye hakuwa na kiti katika kikao kile.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa départ volontaire, yaani kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa na malimbikizo ya mishahara ya miaka. Walipewa kiasi cha mkupuo, wakaambiwa deni limekwisha. Baadhi walinunua cherehani, baadhi duka dogo au shamba. Kwa wengi fedha ziliishia kwenye karo na madeni, kisha wao na watoto wao wakaingia mashimoni kuchimba kwa mikono. Julai 2004 shimo liliporomoka Shinkolobwe na kuua watu, miezi michache tu baada ya serikali kupiga marufuku uchimbaji pale. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Benjamin Rubbers aliandika juu ya walioondolewa na jinsi walivyoendelea kuidai Gécamines kama mtoto anavyomdai mzazi. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliziweka picha za kale za wafanyakazi juu ya picha za viwanda vilivyobomoka, zikatazamwa kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani.

Mzee wa Panda anayezisifu siku za kampuni hamlilii Mbelgiji wala Mobutu. Analilia mwajiri aliyejua jina lake na idadi ya watoto wake, aliyekuwa na wajibu kwake na kuutimiza kwa tarehe inayojulikana. Leo shaba na kobalti vinatoka katika ardhi ya Katanga kwa wingi kuliko wakati wowote wa Gécamines. Shituru kuna kiwanda cha Wachina, na malori yanapita usiku na mchana kuelekea mpaka wa Zambia. Sheria ya madini ya 2018 inaitaka kila kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka za chini, zikiwemo manispaa. Hilo ndilo daftari ambalo wazee wa Panda, Kikula na Shituru wanapaswa kufunguliwa na kusomewa hadharani, mwaka kwa mwaka: kampuni gani imelipa, kiasi gani, na kimejenga nini.