Bakteria wa tumboni, muhogo mchungu na ugonjwa wa konzo

Muhogo mchungu una linamarini, kemikali isiyodhuru sana hadi ivunjwe, na ikivunjwa hutoa sianidi. Madhara yake kwa ubongo na uti wa mgongo hutegemea mahali linamarini inapovunjwa.

Mihogo iliyomenywa ikilowekwa siku tatu au zaidi, bakteria wa majini huilainisha, kimeng'enya cha muhogo wenyewe huifikia linamarini, na sianidi huishia kwenye maji au hupotea hewani wakati wa kuanika. Bakteria hao ni walinzi wa mlaji. Ila ukame ukizidi, mihogo huwa michungu zaidi na njaa hufupisha siku za kuloweka. Hapo linamarini huingia tumboni ikiwa nzima. Sehemu hutoka na mkojo. Nyingine huvunjwa na bakteria wa utumbo, na sianidi huachiwa ndani ya mwili. Ini huiondoa makali kwa kutumia salfa ya protini, na mtoto asiyeonja dagaa wala maziwa ana akiba ndogo mno ya salfa hiyo.

Matokeo yake ni konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Tanzania iliushuhudia ugonjwa huo Tarime mwaka 1985, kisha Mbinga na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Kahemba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata watoto wasio na ulemavu, wa jamii zenye konzo, walifanya vibaya katika vipimo vya akili. Hilo linatisha kuliko ulemavu wenyewe, kwa kuwa halionekani kwa macho.

Mwaka 2021 watafiti walichambua bakteria wa utumbo wa watu 180 nchini Kongo. Bakteria hao walitofautiana sana kati ya eneo na eneo, na baadhi ya aina zilizidi katika maeneo yenye konzo. Huo ni uhusiano tu. Haujathibitisha kwamba bakteria ndio humfanya mtoto mmoja augue na mwenzake asalimike.

Hata hivyo, kinga ya nyumbani ipo: unga wa muhogo unaotiliwa shaka huloweshwa, kisha hutandazwa katika tabaka jembamba kwa saa tano kivulini au mbili juani, ili sianidi itoke kabla ugali haujasongwa.