Mwalimu Anapojifunza kwa Mwanafunzi Wake



Katika Kitabu cha Elimu, Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya imamu kuwauliza wafuasi wake ili apime elimu waliyonayo. Humo imo hadithi ya Ibn Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba ni mti gani unaofanana na Muislamu, fikra zao zikaenda kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar, akiwa bado kijana, alitambua kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baba yake alipopata habari, alitamani lau angelisema. Basi kimya cha mtoto si dalili ya ujinga.

Naye Imamu Shafi (aliyefariki mwaka 204 Hijria) alimtaka Ahmad bin Hanbal, aliyesoma kwake, amjulishe hadithi iliyo sahihi ili aifuate. Hakuona kuwa heshima yake imepungua.

Tuje Ngara na Biharamulo. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakapiga kambi Benaco, Ngara. Watoto wao walifunguliwa shule kambini, wakasomeshwa kwa Kinyarwanda, lugha waliyoifahamu. Elimu ilianzia pale mtoto alipo.

Je, madrasa zetu? Mtoto wa Ngara huzungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani, na mwenzake wa Biharamulo Kisubi. Chuoni hukutana na Kiarabu kinachofasiriwa kwa Kiswahili, nacho ni lugha yake ya pili. Akikosea nguzo za udhu, mara nyingi bakora hutangulia swali.

Ndugu walimu, tumuulize kwanza: umefahamu nini? Aeleze kwa lugha yake, aoneshe kwa viungo vyake. Makosa yanayojirudia tuyaandike, tubadilishe maelezo, kisha tuulize tena. Huenda tukakuta kosa lilikuwa katika ufundishaji wetu. Tusipouliza, mtoto huyo ataswali na udhu wenye kasoro hadi uzeeni, na sisi ndio tutakaoulizwa juu ya amana hiyo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.