Midoli minne (Sehemu ya 6)

Niliahidi leo tuendelee na chanjo, lakini subirini kidogo.

Asubuhi wodini bibi mmoja alimpokea mjukuu. Kitu cha kwanza, akakunja sikio la mtoto kuangalia rangi. "Huyu atakuwa mweusi," akaguna. Mama mtoto anasikia. Mtoto ana saa mbili tu duniani, jamani!

Nikamkumbuka Mamie Clark. Huyu alikuwa mwanasaikolojia mweusi wa Marekani, amezaliwa 1917 Hot Springs, Arkansas. Enzi hizo kule kusini watoto weusi walisoma shule zao na weupe zao, kwa sheria. Yeye na mumewe Kenneth wakachukua midoli minne: miwili ya kahawia, miwili myeupe, tofauti ni rangi ya ngozi na nywele basi. Wakaiweka mbele ya watoto weusi 253, wa miaka 3 hadi 7. Nipe mdoli unaopenda kuchezea. Nipe mdoli mzuri. Nipe unaoonekana mbaya. Theluthi mbili walitaka kuchezea mweupe, na zaidi ya nusu walisema mbaya ni ule wa kahawia. Halafu wanaulizwa: upi unafanana na wewe? Kuna waliolia, wengine wakatoka mbio chumbani.

Kazi hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wakasema kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Lakini kinachonigusa mimi ni kingine. Karibu nusu ya watoto wale walitoka Massachusetts, kaskazini, ambako walisoma pamoja na weupe. Na hao ndio waliopenda mdoli mweupe zaidi! Yaani si shule peke yake. Mtoto wa miaka mitatu anaokota dukani, barabarani, kwenye midomo ya wakubwa, hata kama hakuna aliyekaa kumfundisha.

Na nyumbani pia anaokota. Mamie mwenyewe alikulia kwenye ubaguzi huohuo, ila alisema utoto wake ulikuwa wa furaha. Wazazi walimzungushia upendo. Mwaka 1946 wakafungua kituo Harlem. Shule zilikuwa zimewaandika watoto wengi weusi kuwa ni wazito wa akili. Wakawapima upya, wakakuta wengi hawana tatizo hilo kabisa. Wazazi nao waliitwa, wakasaidiwa pamoja na watoto wao.

Sasa turudi kwa bibi yetu. Nikamuuliza, mtoto anaitwa nani? Akajibu haraka, jina langu mimi. Nikamwambia, basi bibi, amekuja na jina lako na rangi yako, unamgunia nani? Maana mwenyewe ni mweusi wa kung'aa. Akacheka mpaka akakaa. Akamfunika sikio kwa khanga, akaanza kumwita "somo yangu".

Chanjo ni Jumatano.