"Feki" Iliyowahi Kuvunja Mji: Stori ya Vito vya Bandia, Kutoka Njia ya Misafara Mpaka Kopo la Mama Mkubwa

Jumamosi moja pale soko la Tandika, Temeke, muuza makoti ya mtumba alikuta pini ya kifuani imesahaulika kwenye ukosi wa koti. Akaichomoa, akaitazama sekunde mbili, akasema "hii feki," akaitupia kwenye kopo la vifungo. Nikainunua kwa buku mbili.

Hilo neno "feki" ndilo limenifanya niandike leo. Maana mtu wangu, huku kwetu vito vya bandia vina historia ndefu, na wazee wetu hawakuwa watu wa kuuziwa chochote tu. Walikuwa na jicho kali kinoma.

Turudi mwaka 1857. Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke wanaondoka Unguja kwenda kuitafuta ile njia ya Ziwa Tanganyika. Huko bara noti hakuna. Ukitaka chakula, au ruhusa ya kupita kwa mtemi, unalipa kwa vitambaa, nyaya za shaba na shanga. Burton aliandika kwamba kulikuwa na aina kama 400 za shanga kwenye biashara ile, na nyingine zilikuwa na majina matatu au manne.

Mkali wao aliitwa samesame. Ni kishanga kidogo cha kioo, chekundu kwa nje, cheupe kwa ndani, na kilitoka Venice, Italia. Wekundu wake uliiga marijani. Kwa lugha ya yule muuza makoti, feki kabisa. Lakini watu walikipa majina ya utani mazito. Moja lilimaanisha kimaliza chakula, eti mwanaume yuko radhi atoe mlo wake akipate. Jingine lilimaanisha kivunja mji, eti wanawake wangejifilisi wao na waume zao kwa ajili yake.

Sasa sikia hii. Mwaka 1871 Stanley anajiandaa kwenda kumtafuta Livingstone. Pale Unguja kilichomsumbua kichwa ni shanga. Aliambiwa nyeusi zinapita Ugogo, lakini kwingine hazina kazi. Wanyamwezi wanataka nyekundu. Nyeupe kuna sehemu zinapendwa, na kuna sehemu wanazidharau. Ukikosea rangi, msafara mzima unalala njaa na mizigo mabegani. Mwisho akabeba magunia 22 ya aina 11 tofauti.

Umeelewa hapo? Mama wa Unyamwezi ndiye aliyekuwa anaamua nini kizuri, na fundi wa Venice anatengeneza kufuata jicho lake. Upande mchungu nao tuuseme: shanga hizohizo zilinunua pembe za ndovu, na kwenye njia hizohizo binadamu waliuzwa. Ukishika shanga ya zamani, umeshika na hiyo stori.

Ulaya kwenyewe, ilibidi ifike miaka ya 1920 ndipo Coco Chanel awafanye matajiri wa Paris wavae lulu za bandia mchana kweupe bila aibu. Miaka hiyohiyo mji wa Jablonec, kwenye nchi mpya ya Chekoslovakia, ulikuwa unazalisha shanga na bangili za kioo kwa wingi na kuzisambaza mpaka Afrika na Asia.

Huku Dar, mlango mwingine ulifunguka miaka ya 1980. Baada ya miaka ya uhaba wa kila kitu, mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, halafu ikaja enzi ya Mzee Ruksa. Mtumba ukamwagika. Ndani ya hayo marobota, mara mojamoja kuna pini, hereni ya kubana au mkufu wa mtu aliyevaa miaka ya 1960 huko Marekani.

Utaijuaje nzuri? Mimi nilifundishwa na mama yangu mkubwa, Kinondoni. Nilimpelekea ile pini nikitegemea aisifie. Hata mbele hakuangalia. Aliigeuza.

"Mwanangu, mbele kila mtu anapamba. Mgongoni ndiyo utamjua fundi."

Nyuma palikuwa pamesafishwa vizuri, hakuna chuma kinachokwaruza. Kila kijiwe kimeshikwa na vikucha vinne, si kubandikwa kwa gundi. Akaigusisha shavuni: kioo kina ubaridi, plastiki haina. Akafungua na kufunga pini yake mara tatu, ikafunga kwa mlio mmoja. Akaiweka kwenye kanga yake, haikuvuta kitambaa wala kupinda upande. Hapo ndipo akaigeuza mbele na kusema, "Haya, sasa tuone kama ni nzuri."

Mimi nikaongezea ya kwangu. Muhuri wa "Czechoslovakia" maana yake kitu kimetengenezwa kati ya 1918 na 1992, kwa sababu nchi hiyo haipo tena. Vijiwe vinavyong'aa rangi za upinde wa mvua vilianza katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo anayekuambia ni vya 1920 anakupiga. Ukiona alama ya © kwenye kito cha Marekani, mara nyingi ni cha baada ya 1955, mwaka ambao mahakama kule ilikubali kwamba ubunifu wa vito vya bandia nao unalindwa kisheria. Yaani hata jaji alikubali kwamba "feki" inaweza kuwa kazi ya sanaa.

Mama mkubwa akacheka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na utunda wa shanga za mama yake, uzi umeoza. Nyekundu. Nikachungulia tundu la mojawapo: nyeupe. Sikuthubutu kusema ilikuja na msafara gani, maana shanga za namna hiyo zimetengenezwa miaka mingi. Nilimuuliza tu kwa nini hajawahi kutuonyesha.

"Mlikuwa mnagombania dhahabu," akasema. "Hizi hakuna aliyeziuliza."

Na ndivyo inavyokuwa kwenye misiba yetu. Cheni ya dhahabu inagawanywa kwa kikao, bangili ya shaba inaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, shanga wanapewa watoto wachezee. Hata yule aliyejua ziliitwaje na zilivaliwa siku gani, hakuna aliyemuuliza.

Zile shanga tumezitunga upya, uzi mpya, fundo dogo kila baada ya shanga tano kama alivyotaka yeye. Pini niko nayo. Bibi yako akiwa bado yupo, wikiendi hii nenda kamuombe akufungulie kopo lake. Na ukifika, usianze na dhahabu.