Usonji na Msaada wa Serikali: Tumetoka Wapi?

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala malaria. Tutazungumza juu ya historia, na tafadhali usiondoke kwa sababu umesikia neno hilo. Historia hii inahusu fomu utakazopewa siku utakapokwenda kumtafutia mtoto wako mwenye usonji msaada wa serikali.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka wa 1943 daktari Leo Kanner wa mji wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 aliowachunguza. Walipenda kuwa peke yao, na hawakutaka mambo yao ya kila siku yabadilishwe hata kidogo. Hali hiyo ndiyo tunayoiita usonji. Jambo la kusikitisha ni kwamba kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa huko waliwalaumu akina mama. Walidai kwamba mama mwenye moyo baridi ndiye anayeleta usonji. Mwaka wa 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu akipinga madai hayo na kueleza kwamba chanzo kiko katika ubongo, si katika malezi. Kwa hivyo jirani akikuambia ni laana, au ni wewe ulikosea mahali, jua kwamba hata wasomi wenye vyeti vikubwa waliwahi kusema upuzi wa aina hiyo.

Hapa kwetu Kenya, mwaka huo huo wa 1964, serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa kuchunguza hali ya watu wenye ulemavu. Iliyofuata ni sera ya mwaka wa 1968, na baadaye vituo vya kufundisha kazi za mikono. Mtoto asiyeongea, anayezungusha gurudumu la gari la kuchezea siku nzima, hakuwa na nafasi katika mipango hiyo. Alifungiwa nyumbani, au alipelekwa kwa mganga.

Mabadiliko ya kweli kwa mtoto wa aina hii yalianza mwaka wa 1984, na nadhani hatuyasifu vya kutosha. Mwaka huo, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kuwapima watoto na kuamua mahitaji yao ya masomo. Wengi huviita EARC. Miaka miwili baadaye, 1986, ikaanzishwa taasisi ya KISE ya kuwafunza walimu wa elimu maalum. Kwa mara ya kwanza mzazi wa kawaida, hata wa mashambani, alikuwa na mlango wa serikali wa kubisha hodi akiuliza, "Mtoto wangu ana nini?" Mlango huo upo hadi leo. Ukitaka kujua EARC yako iko wapi, uliza katika ofisi ya elimu ya eneo lako.

Kisha zikaja sheria. Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya matibabu, uangalizi maalum na elimu, bila malipo au kwa malipo nafuu, "inapowezekana". Neno hilo moja, mama, limewarudisha wazazi wengi nyumbani mikono mitupu. Sheria hiyo sasa imebadilishwa na ile ya 2022.

Mwaka wa 2003 ulikuwa wa shughuli nyingi. Elimu ya msingi ilifanywa bure. Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na kutokana nayo likaundwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2004. Katika mwaka huo wa 2003 wazazi wa watoto wenye usonji hawakungoja serikali. Waliunda chama chao, Autism Society of Kenya, na darasa la watoto hawa likaanzishwa katika shule ya umma ya City Primary, mtaa wa Ngara, Nairobi. Lakini sheria yenyewe, katika kueleza maana ya ulemavu, ilitaja kuona, kusikia, kujifunza na viungo vya mwili. Usonji haukutajwa kwa jina. Kwa hivyo mama angefika ofisini na mtoto mwenye miguu mizima na macho mazima, aambiwe, "Huyu si mlemavu, huyu ni mtundu tu."

Katiba ya 2010 ilizungumza vizuri zaidi. Inasema ulemavu ni pamoja na hali ya akili au nyingineyo inayoathiri kwa muda mrefu uwezo wa mtu wa kufanya mambo ya kila siku, au hali ambayo jamii inaamini ina athari hiyo. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kifungu ambacho kila mlezi angefaa kukijua. Afisa akisema haoni ulemavu wowote, mweleze yale mtoto asiyoweza: kuvaa, kujilisha, kuona hatari ya barabara, kulala usiku. Yaandike kwenye daftari kabla ya kwenda, kwa sababu siku ya kupimwa mtoto anaweza kutulia kabisa.

Mwaka wa 2011 ulianza mpango wa pesa kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ambao leo uko chini ya Inua Jamii. Pesa zake zimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, nepi za kijana wa miaka 14 zinaweza kuzimaliza zote. Lakini hupewa mlezi kwa niaba ya mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, na hazikomi kwa sababu tu mtoto amefika miaka 18. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Hudhani msaada ni wa watoto peke yao, kisha kijana akimaliza darasa la elimu maalum wanamficha nyumbani.

Kuhusu njia ya kufuata: mtoto apate cheti cha kuzaliwa, na wewe uwe na kitambulisho. Mpeleke hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kupima ulemavu. Kisha asajiliwe na Baraza, ama kwenye ofisi yake ya kaunti ama kwa eCitizen. Kwa pesa za Inua Jamii, mwone chifu au afisa wa maendeleo ya jamii, na usikose baraza wanaposoma majina. Usajili peke yake hauleti pesa hizo, kwa maana nafasi ni chache na huangaliwa pia umaskini wa nyumba.

Ile sheria ya 2003 nayo imeondolewa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2025. Ukiambiwa ofisini kwamba "sheria inasema hivi", uliza kwa heshima: ni sheria gani, ile ya zamani au hii mpya?