Ukikwama, Nani Atakujibu? Historia ya Zana za Waandishi wa Programu za Vifaa

Luena ni mji wa makaa ya mawe katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye reli inayotoka Lubumbashi na kupita Tenke kuelekea Bukama na Kamina. Miji ya migodi na reli haikosi mafundi. Leo fundi wa mji kama huo akifungua kidhibiti cha sola, mita ya umeme au pampu, hukuta chipu ndogo nyeusi ambayo ni kompyuta kamili: ina prosesa, ina kumbukumbu, na ina miguu ya kupokea na kutoa umeme. Kuing’oa na kuweka nyingine anaweza. Kuipa kazi mpya ni jambo jingine. Lazima aandike programu, aigeuze kuwa amri za chipu kwa kutumia kompaila, aiingize, kisha aifuatilie hatua kwa hatua inapokwenda kombo.

Zana za kazi hiyo zina historia ya nusu karne. Wengi huisimulia kama historia ya bei: hizi za kulipia, zile za bure. Mimi naamini kiini chake ni msaada, yaani nani anamjibu mwandishi wa programu anapokwama, na kwa gharama ya nani.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani iliuza prosesa yake ya kwanza ya chipu moja, 4004. Wateja waliipokea kwa hamu, lakini hawakujua waiandikieje programu. Mwaka 1973 Gary Kildall aliitungia Intel lugha iliyoitwa PL/M, ili mhandisi asilazimike kuandika kila amri ya chipu moja moja. Intel ikauza pia mashine za Intellec za kutengenezea programu, na katikati ya muongo huo ikaongeza kifaa kilichochomekwa mahali pa chipu yenyewe, kikiiga kazi yake huku mhandisi akitazama kinachoendelea ndani. Mtengeneza chipu ndiye aliyekuwa muuza zana, na ndiye aliyekuwa mwalimu. Aliyekuwa nje ya kampuni yenye fedha hakuwa na mlango wa kuingilia.

Miaka ya 1980 zilijitokeza kampuni za kutengeneza zana peke yake. Wind River ilianza Marekani mwaka 1981. Ndugu wawili, Günter na Reinhard Keil, walianzisha kampuni yao Ujerumani mwaka 1982. Mwaka uliofuata IAR ikazaliwa Uppsala, Sweden. Mwaka 1988 Keil walitoa kompaila ya lugha ya C iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya chipu ya 8051, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa finyu mno kiasi kwamba kila baiti ilihesabiwa. Mteja wa kampuni hizi alinunua leseni, na pamoja nayo alinunua vitabu vya maelekezo na watu walioijua chipu yake kuliko yeye.

Thamani ya zana nzuri ilionekana hata nje ya dunia. Chombo cha Pathfinder kilipotua Mars tarehe 4 Julai 1997, kompyuta yake ilitumia VxWorks, mfumo endeshi wa Wind River. Baada ya siku chache ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Wahandisi walirudia hali hiyo kwenye mashine pacha iliyobaki duniani, wakafuata kumbukumbu za matukio, wakagundua kwamba kazi ndogo ilikuwa ikiizuia kazi kubwa kupata zamu yake. Walituma marekebisho kutoka duniani na chombo kikatulia. Kazi ile ilihitaji zana za kuchungulia ndani ya mfumo, na watu waliojua kuzisoma.

Njia ya pili, ya programu huru, ilikwisha kuanza kimya kimya. Mwezi Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo kila mtu angeweza kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1987 akatoa kompaila ya GCC. Nguvu yake haikuwa kutolipiwa tu. Chanzo chake kilikuwa wazi, hivyo mtu mwenye chipu mpya aliweza kuifundisha GCC lugha ya chipu hiyo bila kumwomba mwenye kampuni ruhusa. Hata hivyo mameneja waliuliza swali la haki kabisa: programu hii haina mwenyewe, ikiharibika usiku tutampigia nani simu?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1989. Michael Tiemann, John Gilmore na David Henkel-Wallace walianzisha Cygnus huko California wakiwa na mtaji wa dola 6,000. Hawakuuza kompaila, maana kila mtu aliweza kuichukua. Waliuza ujuzi wao: kuipeleka GCC kwenye chipu mpya, kurekebisha kasoro, kujibu maswali kwa mkataba. Watengenezaji wa chipu waliona faida haraka, kwa kuwa chipu isiyo na kompaila haiuziki. Mambo mengine yakawasukumia wateja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Sun ilianza kuuza kompaila yake mbali na mfumo endeshi wake, na wengi ambao zamani waliipata pamoja na mashine wakaigeukia GCC. Novemba 1999 kampuni ya Red Hat ilitangaza kuinunua Cygnus kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 674.

Kwangu hili ndilo tukio kubwa la historia hii. Kabla ya Cygnus, zana na msaada viliuzwa kama kitu kimoja. Baada yake ikathibitika kwamba vinaweza kutenganishwa: zana ibaki ya wote, na msaada ulipwe na anayeuhitaji, kwa kiasi anachouhitaji.

Hatua iliyofuata iliwafikia watu wasio na kampuni yoyote. Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan walibuni chipu ya AVR wakiwa wanafunzi Trondheim, Norwei, na kampuni ya Atmel ikaiingiza sokoni miaka ya 1990. Wataalamu wa IAR, wauzaji wa kompaila ya kulipia, walishauri jinsi ya kuiunda ili lugha ya C ikae vizuri ndani yake. Baadaye wajitoleaji wakaifundisha GCC chipu hiyo hiyo. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, Massimo Banzi na wenzake, wakitanguliwa na kazi ya Hernando Barragán aliyebuni mfumo wa Wiring, waliitumia AVR na kompaila hiyo huru kutengeneza ubao wa Arduino. Mwanafunzi sasa aliweza kuandika mistari michache, akabonyeza kitufe, na taa ikawaka. Wauzaji nao walitoa matoleo ya bure yenye mipaka, kama lile la Keil lililokataa programu inayozidi kilobaiti 32.

Afrika Mashariki ilipokea mabadiliko haya kwa kazi yenye uzito. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa WIMEA-ICT uliwaunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, kwa ufadhili wa Norwei. Lengo lilikuwa vituo 70 vya hali ya hewa vinavyojiendesha, katika nchi ambazo vituo vya kuagizwa ni ghali na vikiharibika hukaa bila vipuri. Watafiti walitumia vipimo visivyo na waya vyenye chipu ya jamii ya AVR, vikiendeshwa na Contiki, mfumo huru ulioanzishwa na Adam Dunkels wa Sweden. Kwa kuwa programu ilikuwa wazi, mhandisi wa Kampala au Dar es Salaam aliweza kuifungua na kuitengeneza mwenyewe, na ujuzi ukabaki vyuoni. Kongo nayo ilionyesha kwamba ina wabunifu wa vifaa: mwaka 2013 roboti za kuongoza magari za mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake zilisimama kwenye njia panda za Kinshasa.

Haki inanidai niseme pia mahali ambapo malipo yana maana. Programu ya breki za treni au ya mashine ya hospitali lazima ithibitishwe mbele ya wakaguzi, na uthibitisho huo ni kazi ndefu ya watu wanaolipwa. Mfano mzuri ni FreeRTOS, mfumo endeshi uliotolewa na Richard Barry mwaka 2003. Ni wa bure, lakini una ndugu yake wa kulipia, SafeRTOS, uliokaguliwa kwa matumizi ya hatari. Mji unaoishi kwa reli unaelewa sababu.

Kwa kijana wa Haut-Lomami, basi, bei ya zana si kizuizi kikuu tena. Kompaila, mfumo endeshi na zana za kufuatilia kasoro anaweza kupewa kwenye flashi moja. Anachokosa ni jibu. Maelekezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, shuleni anafundishwa kwa Kifaransa, na kazini anaelewana na wenzake kwa Kiswahili. Mkataba wa msaada kutoka Ulaya au Marekani hawezi kuulipia.

Hapo ndipo vyuo vya Kamina na Lubumbashi vina kazi ya kufanya. Leseni za zana huru zinamruhusu mwalimu kunakili kompaila kwa darasa zima bila kuvunja sheria, na nyingi ya hati za zana hizo zinaweza kutafsiriwa na kugawiwa. Chuo kinaweza kuandika miongozo ya Kiswahili, kuweka fundi mmoja mwenye uzoefu wa kupokea maswali, na kumlipa. Cygnus ilianza na watu watatu waliokubali kujibu maswali ya wengine kwa ujira, na kazi ya aina hiyo inaweza kuanzishwa Haut-Lomami kwa ruhusa zilizopo tayari.