Mkaa Uliowapoteza Njia Mikunga

Mwaka 1922 Johannes Schmidt, mwanabiolojia wa Denmark, alitangaza kuwa mikunga wa mito ya Ulaya huzaliwa Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki. Kitendawili hicho kilikuwa kimewashinda wataalamu tangu enzi za Aristotle, na Schmidt akapata sifa zake. Lakini swali la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi, lilibaki: kifaranga aliyevuka bahari yote hiyo hujuaje mlango wa mto ulipo?

Akifika pwani ana urefu wa sentimita 7 hivi, mwili angavu kiasi cha kuonekana uti wa mgongo. Kushindana na mkondo hawezi. Katika miaka ya 1950, mtafiti Mholanzi aitwaye Creutzberg aliwachunguza vifaranga hao kwenye Bahari ya Wadden, kaskazini mwa nchi yake, akaona werevu wao. Maji yakijaa, hupanda juu na kubebwa kuelekea nchi kavu. Yakipwa, huzama chini kabisa wakasubiri. Lifti ya bure, mara mbili kwa siku.

Sasa gizani watajuaje kama maji yanajaa au yanapwa? Jibu la haraka ni chumvi, maana maji yanayopwa huwa yamechanganyika na ya mto. Creutzberg hakuridhika nalo. Akayachuja maji ya bara kwa mkaa maalumu unaonyonya harufu. Chumvi haikuguswa, ila vifaranga waliokuwa wakiyafuata maji hayo wakawa hawana habari nayo tena. Kumbe walikuwa wakifuata pua! Sijui majaribio mengi ya baharini yaliyo mepesi na yenye kukata shauri kama hili.

Pua yenyewe si ya kawaida. Miaka hiyohiyo Mjerumani Teichmann alimfunza mkunga kutambua kemikali inayonukia waridi, ikiwa imezimuliwa hadi zikabaki molekuli chache tu za kumfikia puani. Mwaka 1993 watafiti wa Italia wakataja harufu mojawapo inayowavuta vifaranga: jiosmini, ile inayonukia udongo mvua inapoanza kunyesha.

Huko Den Oever, Uholanzi, vifaranga wamekuwa wakihesabiwa tangu 1938 kwenye milango ya ukuta ulioitenga bahari na ziwa IJsselmeer mwaka 1932. Ukuta unazuia samaki, hauzuii harufu. Kwa hiyo kila majira ya kuchipua hujikusanya hapo nje, maji baridi yakiwavujia, wakingoja mtu afungue.